"Watoto Wetu" ni Watoto wa Nani? Uhakiki wa Lugha ya Mjadala wa Elimu ya Bure Nchini Kongo

1.0 Utangulizi

Uhakiki kwa kawaida hushughulikia riwaya, tamthiliya na ushairi. Makala haya yanachukua matini ya aina nyingine: maneno ambayo kwayo wanasiasa, viongozi wa madhehebu na wazazi wa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo wamejadili elimu ya msingi ya bure tangu mwaka 2019. Matini hii haikutungwa na mtu mmoja, wala haikupigwa chapa katika kitabu. Hata hivyo ina wahusika, ina msuko na ina mafumbo yake. Hapana budi isomwe kwa umakini ule ule tunaoutumia katika kazi ya fasihi, maana wanaoyalipia mafumbo hayo ni watoto.

Hoja yetu ni moja. Mjadala huu wote umesimama juu ya neno "mtoto". Kwa jina la mtoto shule iliahidiwa, na kwa jina la mtoto fedha za umma huliwa. Unafiki wa kisiasa tumezoea kuutafuta katika pengo lililopo kati ya kauli na tendo. Hapa tutaonyesha kwamba umejificha pia ndani ya lugha yenyewe: katika neno "bure", katika kivumishi cha kumiliki, na katika kitenzi kisichomtaja mtenda. Mifano yetu inatokana na Kiswahili kinachosikika Goma, na pale inapofaa tutalinganisha na hali ya Tanzania.

2.0 Vifungu viwili

Katiba ya tarehe 18 Februari 2006, katika kifungu chake cha 43, inaeleza kwamba elimu ya msingi katika shule za umma ni ya lazima na ya bure. Kwa miaka 13 maelezo hayo yalibaki katika karatasi. Tangu mwanzo wa miaka ya 1990, serikali ya Zaire iliposhindwa kuwalipa walimu wake, wazazi ndio waliobeba mzigo huo kwa malipo yaliyoitwa "primu". Malipo hayo yalianza kama dawa ya muda ya kuzuia shule zisifungwe. Dawa hiyo ikanywewa kwa karibu miaka 30. Aidha, fedha hizo hazikuishia mikononi mwa mwalimu. Sehemu yake ilipanda ngazi kutoka shuleni hadi ofisi za usimamizi, za serikali na za madhehebu, na kila ngazi ikakata fungu lake.

Kando ya kifungu cha 43, kila Mkongo anakijua kifungu kingine, yaani kifungu cha 15. Husimuliwa kwamba asili yake ni katiba ya Kasai ya Kusini, jimbo lililojitenga mwanzoni mwa miaka ya 1960 chini ya Albert Kalonji, na kwamba kilikuwa na amri moja tu kwa raia: jikwamueni wenyewe. Iwe kweli au ngano, kifungu hicho kinakumbukwa na watu ambao hawajawahi kuishika katiba mkononi. Mwanaisimu ataona tofauti ya nafsi. Kifungu cha 43 kinazungumzia elimu kwa nafsi ya tatu, kwa mbali, bila kumwita mtu yeyote kwa jina. Kifungu cha 15 kinamwelekea raia moja kwa moja kwa nafsi ya pili, tena kwa kuamuru. Kilichoandikwa hakikuwa na msemaji. Kisichoandikwa kina wasemaji mamilioni.

Rais Félix Tshisekedi aliingia madarakani Januari 2019, na elimu ya msingi ya bure ikatangazwa kuanza katika mwaka wa shule wa 2019–2020. Mwaka 2020 Benki ya Dunia iliidhinisha dola milioni 800 kwa ajili ya kuiunga mkono. Watoto wengi waliokuwa wakifukuzwa kwa kukosa primu walirejea shuleni, na jambo hilo ni jema lisilopaswa kubezwa. Lakini madarasa hayakuongezeka kwa kasi ya watoto, na walimu wengi waliokuwa wakifundisha bila kuwamo katika orodha ya mishahara wakajikuta hawana primu wala mshahara.

3.0 Maana tatu za "bure"

Katiba inakitaja Kiswahili kuwa mojawapo ya lugha nne za taifa, lakini sera hii ilitangazwa na kujadiliwa hasa kwa Kifaransa. Ilipofika mtaani ikawa "masomo ya bure". Neno la Kifaransa lina maana ya kutolipishwa. Neno la Kiswahili lina zaidi ya hiyo. Kitu cha bure ni kile kisicholipiwa. Kazi ya bure ni ile isiyo na faida. Na mtu aliyepigwa bure ni yule aliyepigwa bila sababu. Mzazi wa Mugunga ambaye mtoto wake amebanana na wenzake tele katika chumba cha mbao, juu ya mawe meusi ya volkano, huku mwalimu akiwa hajapokea chochote, anaweza kuzisikia maana zote tatu kwa mara moja. Hasomi kamusi, kamusi inamsoma yeye.

Wenzetu wa Tanzania walichagua istilahi nyingine. Waraka wa mwaka 2015, uliotekelezwa kuanzia Januari 2016, ulizungumzia elimu "bila malipo". Istilahi hiyo ni ya tahadhari zaidi, kwani inataja kitu kilichoondolewa badala ya kusifu kitu kilichotolewa. Hata hivyo, ada ilipotoka mlangoni, "mchango" uliingia dirishani, hadi Januari 2018 Rais John Magufuli alipopiga marufuku michango katika shule za umma. Goma nako malipo yalirejea kwa sura mbalimbali. Tunajifunza kwamba malipo yakibadilishwa jina yanaweza kuendelea kuishi, na kwamba kazi ya kwanza ya mhakiki ni kuyatambua yakiwa katika vazi jipya.

Lipo jambo jingine. Anayesema "bure" humweka serikali katika nafasi ya mfadhili na mzazi katika nafasi ya mpokeaji. Ukweli ni kinyume. Mwanamke anayeuza makaa kando ya barabara ya Goma kwenda Sake hulipa ushuru wa soko kila siku ya Mungu. Mwenye pikipiki hulipa, na mwenye duka hulipa. Elimu hiyo imekwisha kulipiwa. Swali la haki ni wapi malipo hayo yamekwenda, na neno "bure" linalizuia swali hilo lisiulizwe, kwa sababu aliyepewa zawadi hana adabu ya kumdai aliyempa.

4.0 Kivumishi cha kumiliki na maharagwe ya watoto

Hakuna hotuba kuhusu shule isiyokuwa na maneno "watoto wetu". Zipo lugha ambazo husema "sisi" kwa namna mbili, moja ikimjumuisha msikilizaji na nyingine ikimwacha nje. Kiswahili hakina tofauti hiyo. Shina "-etu" linawameza wote. Waziri anaposema "watoto wetu", mzazi husikia kwamba mtoto wake yumo. Lakini si siri kwamba wengi wa wenye madaraka huwasomesha watoto wao katika shule za binafsi za Kinshasa au ng'ambo. Shule ya umma inayosifiwa jukwaani ni ya watoto wa wengine. Sarufi imewaunganisha watu ambao bajeti imewatenganisha.

Nchi yetu ina fumbo jingine lililojengwa juu ya mtoto. Kwa Kilingala, hongo ndogo huitwa "madesu ya bana", yaani maharagwe ya watoto. Fumbo hilo linaeleweka nchi nzima. Askari anayesimamisha gari na karani anayeshikilia faili hawaombi rushwa; wanaomba chakula cha watoto. Hatuwezi kulicheka fumbo hili tu, kwa maana lina ukweli ndani yake: askari yule ana watoto kweli, na mshahara wake hautoshi kweli. Lakini tazama linavyofanya kazi. Linaichukua familia, kitu kinachoheshimiwa kuliko vyote, na kuifanya kinga. Atakayekataa kutoa ataonekana kuwanyima watoto.

Maharagwe hayo yakipanda ngazi hubadilika kuwa nyama, nyumba na tiketi za ndege. Mwezi Aprili 2021 Willy Bakonga, waziri aliyeisimamia sera ya elimu ya bure tangu mwanzo wake na ambaye alikuwa ameshaondoka wizarani, alikamatwa Brazzaville akiwa pamoja na mwanawe. Alirejeshwa Kinshasa, na kabla mwezi haujaisha akahukumiwa kifungo cha miaka mitatu. Haki inatutaka tuongeze kwamba hukumu hiyo ilihusu fedha zilizovushwa mpaka, si mishahara ya walimu. Lakini kwa mhakiki, picha yenyewe ni nzito: waziri wa "watoto wetu", na mtoto wake kando yake. Wahenga walisema mchuma janga hula na wa kwao. Katika elimu yetu methali hiyo imepinduka. Mchumaji hula na wa kwake, na janga likaliwa na watoto wa wenzake.

5.0 Vitenzi visivyo na mtenda

Mwishoni mwa mwaka 2020 Ukaguzi Mkuu wa Fedha ulichunguza mishahara ya walimu na kukuta shule zisizokuwepo na walimu wasiokuwepo. Machi 2021 mkuu wa SECOPE, idara iliyosimamia malipo ya walimu, pamoja na inspekta mkuu wa elimu, walihukumiwa miaka 20 ya kazi ngumu. Baadaye idara hiyo ilipewa sura mpya na jina jipya, DINACOPE.

Tusikilize jinsi habari hizi zinavyosimuliwa kwa Kiswahili. Husemwa: "fedha zimepotea". Kitenzi "kupotea" hakihitaji mtenda. Mbuzi hupotea, njia hupotea. Fedha zikipotea hakuna aliyezipoteza, sembuse aliyeziiba. Au husemwa: "fedha zimeliwa". Hapa kauli ya kutendwa inatujulisha kwamba kuna mlaji, lakini inaturuhusu tukate sentensi kabla ya kumfikia. Neno dogo "na", ambalo lingemtambulisha, huachwa. Na wasiokuwepo huitwa "walimu hewa", istilahi ya wenzetu wa Tanzania. Hewa haina tumbo. Haipangi foleni benki, haitii sahihi, haina shemeji ofisini. Kila jina la hewa katika orodha lina mwenye mkono anayepokea kwa niaba yake. Kumwita "hewa" ni kumsitiri huyo mwenye mkono.

Hatusemi kwamba Kiswahili ni lugha ya kuficha. Kiswahili kina viambishi vya nafsi vinavyolazimika kutokea katika kitenzi: "ameiba" haiwezi kutamkwa bila nafsi. Lugha imetupa nyenzo za kumtaja mtenda. Kuziacha ni uamuzi wetu.

6.0 Wakosoaji nao

Haitoshi kuwahakiki wenye serikali pekee. Wapinzani wa sera hii walitumia zaidi neno "ubora". Walidai kwamba elimu ya bure imeua ubora, na madarasa yaliyofurika yaliwapa ushahidi wa kutosha. Lakini baadhi ya waliolia juu ya ubora walikuwa katika zile ofisi zilizokuwa zikikata fungu la primu kwa miaka mingi, na ubora haukuwa umewasumbua. Walichopoteza ni pato. Neno lilikuwa la kweli, nia haikuwa ya kweli. Na hilo ndilo linaloufanya unafiki uwe mgumu kuugundua, kwani mara nyingi husema kweli.

Vyuo vikuu navyo havimo nje ya matini hii. Sisi tunaowafundisha wanafunzi kuchambua unafiki wa Bwana Maksuudi katika riwaya ya Utengano ya Said Ahmed Mohamed tunatoka darasani na kukuta barua ya mjomba akimwombea mpwa nafasi, au jamaa akitaka alama za binti yake ziangaliwe "kwa jicho la kifamilia". Neno linalotumika hapo ni "undugu", na anayekataa huambiwa ana roho ngumu. Maharagwe ya watoto hupikwa hata katika jiko la wasomi. Uhakiki unaomwona Maksuudi kitabuni na kumkosa katika ukumbi wa kamati ni uhakiki nusu.

7.0 Hitimisho

Januari 2025 Goma ilipotekwa na M23, shule zilifungwa kwa muda, na baada ya benki kufungwa mwalimu aliyekuwa na mshahara akawa na kazi mpya ya kuutafuta. Kambi za waliohama makwao pale Mugunga, ambako watoto wengi walikuwa wakitafuta nafasi ya kusoma, zilivunjwa. Anayetawala hubadilika, lakini mzazi anabaki na swali lile lile: nani analipa, na nani anapokea?

Wanafunzi wa Kiswahili wanaweza kulisaidia swali hilo kwa njia tatu. Kwanza, watafsiri kifungu cha 43 na hesabu za shule kwa Kiswahili kinachoeleweka mtaani, zibandikwe ukutani pa shule. Pili, wakusanye majina yote ya malipo yanayodaiwa shuleni, kama tunavyokusanya methali, ili jina jipya likizaliwa lijulikane ukoo wake. Tatu, na hili halihitaji fedha, wajizoeze wao na wasikilizaji wao kudai mtenda wa kila kitenzi. Akisema kiongozi kwamba fedha zimepotea, aulizwe: zimepotezwa na nani? Akisema "watoto wetu", aulizwe wa kwake anasoma wapi.