Fadhila ya Kupima Bahari

Mwanafunzi wa shahada ya juu aliyelelewa katika fasihi, sheria au tarikhi, asikiapo kwamba elimu ya bahari imebeba ndani yake hisabati, kemia na fizikia, hudhani mlango umekwisha kufungwa usoni pake kabla hajabisha hodi. Mimi naona kinyume cha hayo, maadamu asili ya elimu hii ni ustadi mmoja, nao ni kukipima kwa uaminifu kile ambacho jicho haliwezi kukifikia; na uaminifu haukupewa watu wa hisabati peke yao.

Merikebu Challenger, iliyotoka Uingereza mwishoni mwa mwaka 1872 na kurejea 1876, ilisimama katika vituo 362 ikitia bildi, ikichota maji na kukokota nyavu sakafuni mwa bahari. Tarehe 23 Machi 1875, karibu na visiwa vya Mariana, kamba ilishuka pima 4,475, yaani zaidi ya mita 8,000. Na mabaharia, badala ya kukimbilia kushangilia, walitia bildi tena ili wawe na yakini. Katika maji yaliyoletwa na safari hiyo, mkemia William Dittmar alichambua sampuli 77, akathibitisha mwaka 1884 kwamba chumvi za bahari, ziwe nyingi au chache, uwiano baina yao haubadiliki ila kwa kadiri ndogo mno.

Uzuri wa ustadi huu hudhihirika zaidi katika chupa ya shaba aliyoibuni Fridtjof Nansen. Huteremshwa kwa waya ikiwa wazi ncha zote mbili; ikifika kina kitakiwacho, kizito kidogo kiitwacho mjumbe huachiwa, kikateleza hadi chini, kikaigonga, nayo ikapinduka na kujifunga. Kipimajoto kilicho ubavuni mwake hupinduka pamoja nayo, na uzi wa zebaki hukatika papo hapo, hata kikipandishwa kupita katika maji ya vuguvugu kitoe khabari ya baridi ya vilindini.

Lakini mwanzo hauhitaji merikebu wala shaba. Mwanafunzi aliye Unguja au Mombasa na asimike mti wenye alama ufuoni, aandike kila siku maji yalipofika yakijaa na yalipofika yakipwa. Naye ataona kwamba bamvua hufuata mwezi mwandamo na mwezi mpevu, ilhali maji mafu huangukia mwezi ukiwa nusu. Hapo atauliza sababu, na akiambiwa kwamba mwezi na jua, vikiwa katika mstari mmoja na dunia, huvuta pamoja, na vikifanya pembe mraba kimoja hupunguza mvuto wa mwenziwe, hisabati itamjia ikiwa jibu la swali lake mwenyewe, wala si adhabu aliyotwishwa na mwalimu.

Kwa hiyo nawausia waalimu wa somo hili watangulize kipimo, kanuni ifuate. Nambari iliyoandikwa daftarini ni amana kwa atakayeisoma baada ya miaka mia, na aliyekwisha jifunza kuilinda amana hiyo, hata kama bado hajui kanuni moja, amekwisha kuwa mtu wa elimu ya bahari.