Kitenzi "Piga" na Kamusi Zake: Uhakiki kwa Kuzingatia Matumizi ya Mabanga, Goma

0. Utangulizi

Maneno yanayotumika sana katika lugha yoyote ndiyo yanayowapa watunga kamusi taabu kubwa zaidi. Kwa upande wa Kiingereza, ilielezwa mwaka 2011 kwamba wahariri wa Oxford English Dictionary walikuwa wamefikia maana 645 za kitenzi kimoja tu, "run". Kiswahili nacho kina kitenzi cha jamii hiyo, nacho ni "piga". Mtu hupiga ngoma, hupiga pasi, hupiga magoti, hupiga kura, hupiga miayo, hupiga mbizi. Serikali hupiga marufuku. Jeshi hupiga kambi. Katika mtaa wa Mabanga, wilayani Karisimbi, mjini Goma, orodha hiyo huongezewa nomino zilizotoka katika Kifaransa, kama vile kupiga foto na kupiga telefone, bila msemaji kuona kwamba amefanya jambo lolote geni.

Makala haya yanahakiki namna kamusi zinavyokieleza kitenzi hiki. Hoja yake ni kwamba kamusi zimeshughulika mno na kuhesabu maana za "piga", zikaacha jambo ambalo mtumiaji analihitaji zaidi: nani anatajwa baada ya kitenzi, na kwa umbo gani.

1. Dai la umaskini wa lugha

Wapo waliosoma kwa Kifaransa ambao huona kwamba lugha inayotumia kitenzi kimoja kwa matendo mengi kiasi hicho ni lugha maskini. Dai hilo halina msingi. Kifaransa chenyewe hufanya vivyo hivyo kwa nomino "coup": pigo la mguu, mlio wa bunduki, wito wa simu, kutupa jicho na kufagia kwa haraka, yote hayo huundwa kwa neno hilo moja. Kilingala, ambacho husikika Mabanga kila siku kandokando ya Kiswahili, kina kitenzi "kobeta", yaani kupiga. Kwa kitenzi hicho watu hupiga ngoma, hupiga makofi na hupiga soga ("kobeta masolo"). Hata anayehangaika kutafuta riziki husemwa kwamba anapiga jiwe, "kobeta libanga". Na wingi wa "libanga" ni "mabanga", neno lililo sawa kabisa na jina la mtaa huu uliojengwa juu ya mawe ya volkano.

Basi wingi wa matumizi ya "piga" si dalili ya upungufu. Ni njia inayojulikana katika lugha nyingi: kitenzi hupunguza uzito wake wa kimaana, na nomino inayokifuata ndiyo inayobeba tendo.

2. Njia ya kamusi

Kamusi ya Frederick Johnson ya mwaka 1939 na Kamusi ya Kiswahili Sanifu iliyotolewa na Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili mwaka 1981 zina utaratibu unaofanana. Huanza na maana ya kutoa pigo, kisha hupanga misemo mmoja baada ya mwingine. Kazi hiyo ina manufaa yake, kwa kuwa misemo mingi imehifadhiwa humo. Hata hivyo orodha haiwezi kukamilika, kwani kila chombo kipya kinapoingia nyumbani, "piga" huwa tayari kukipokea.

Maelezo yaliyozoeleka, kwamba kitenzi hiki huongeza wazo la nguvu au la ghafla, nayo hayatoshi. Yanafaa kwa kupiga teke, kupiga chafya na kupiga yowe. Hayafai kwa kupiga soga, jambo linaloweza kuchukua jioni nzima, wala kwa kupiga kambi.

3. "Kumpiga" na "kumpigia"

Mwanafunzi aliyekariri orodha yote bado hawezi kutunga sentensi sahihi. Husemwa "alimpiga teke", "alimpiga risasi", "alimpiga sindano", "alimpiga picha", "alimpiga busu". Lakini husemwa "alimpigia simu", "alimpigia kura", "alimpigia magoti", "alimpigia kelele". Hakuna asemaye "alimpiga kura" akikusudia kwamba alimchagua.

Tofauti hii huonekana wazi kabisa nomino inapokuwa moja. "Alimpiga makofi" ni kumdhuru mtu; "alimpigia makofi" ni kumsifu. Nomino haikubadilika, wala mikono haikubadilika. Kauli ya kutendea peke yake ndiyo iliyogeuza adhabu kuwa heshima.

Kwa haraka mtu angeweza kusema kwamba "kumpiga" hutumika pale mwili unapoguswa. Picha inalipinga jambo hilo, kwa kuwa haigusi mwili. Mchezaji anayempiga beki chenga naye hufanikiwa kwa sababu hakumgusa. Kanuni inayofaa zaidi ni hii: mtu akiwa ndiye anayepatwa na tendo, huingia moja kwa moja katika kitenzi cha msingi, akiwa ndiye anayeelekezewa tendo au anayefanyiwa kwa faida au kwa hasara yake, huhitaji kauli ya kutendea. Kwa Kiswahili cha Goma, ambamo husemwa "kumupiga" na "kumupigia", mpaka huo umebaki palepale ingawa kiambishi kina sura tofauti na ile ya Kiswahili sanifu.

Unyambuaji wa nomino nao unathibitisha kwamba "piga" na nomino yake ni kitu kimoja. Apigaye kura ni mpiga kura, apigaye picha ni mpiga picha; lakini apigaye wenzake ni mpigaji. Kauli ya kutendana vilevile: "wanapigiana simu" ni habari ya maelewano, "wanapigana" ni ugomvi.

4. Uzito wa jambo hili

Ingekuwa kosa kuliona suala hili kuwa la darasani tu. Goma ni mji uliotwaliwa na M23 mwezi wa Novemba 2012, na tena mwezi wa Januari 2025. Ni mji ambamo ushahidi wa raia hutolewa kwa Kiswahili na kuandikwa kwa Kifaransa. Shahidi akisema "balimupiga", amesema jambo kamili kwa wale waliokuwapo. Pale silaha zinapozungumzwa, nomino "risasi" huweza kuachwa kwa kuwa inaeleweka. Mfasiri anayetegemea maana ya kwanza ya kamusi ataandika kwamba mtu alichapwa, kumbe alipigwa risasi. Kosa la kinyume nalo linawezekana. Kwa hakimu, au kwa daktari, tofauti hiyo si ya mtindo. Mfasiri aliyefundishwa kwamba "piga" hudai nomino yake angejua la kuuliza: alipigwa nini?

5. Hitimisho

Kamusi itakayowafaa wasomaji wa Kivu haina haja ya kufukuzana na Oxford kwa hesabu ya maana. Inatosha kila msemo wa "piga" uoneshwe pamoja na umbo la mtendwa wake: "kumpiga" au "kumpigia". Nomino za watendaji ziingizwe mahali pake, na ielezwe ni lini nomino huachwa na ni ipi inayodhaniwa. Walimu wa isimu mjini Goma wanaweza kuanza kazi hiyo bila kungoja kamusi mpya, kwa sababu data imo midomoni mwa wanafunzi wao. Kitenzi kilichoonekana kuwa ushahidi wa umaskini wa Kiswahili kitaonekana kilivyo: chenye kanuni, na chenye kudai usikivu wa yule anayekifasiri.