Kutumbuiza au kutunzwa?

Kila 20 Juni, Siku ya Wakimbizi Duniani, ratiba huandikwa: "Vijana watatumbuiza wageni." Hilo neno linanikera, nisiwafiche. Kutumbuiza, kwa asili, ni kuimba kwa sauti laini ili mtu atulie, kama mama anavyombembeleza mtoto mpaka alale. Sasa chukua kijana anayepiga ngoma na kuruka sarakasi barabarani, tuseme pale Imbuga City Walk, katikati ya Kigali. Huyo anamlaza nani? Yeye anataka mpita njia asimame!

Halafu kuna pesa. Sisi tuliotoka Kongo tunasema matabishi. Limetoka kwenye Kireno, mata-bicho, yaani "kuua mdudu": kile kinywaji kidogo cha asubuhi. Likaja kuwa bahashishi, na hata hongo. Ukimpa msanii matabishi, umempa masalio ya mfuko tu.

Watu wa pwani wana neno lao. Kwenye taarab, mtu akiguswa na wimbo huinuka, anacheza taratibu mpaka mbele, anamtunza mwimbaji noti. Kutunza, wengine husema kutuza. Humo ndimo limetoka "tuzo", lile lile wanalopewa washindi wa vitabu na filamu. Na kutunza ni kulea pia, tusisahau.

Ndugu zetu wa mashirika, ratiba ijayo iandikeni hivi: vijana wataonyesha kazi yao, wageni watawatunza. Na mje na noti, jamani. Fulana tunazo.