Makapi Yaliyobaki: Kusoma Ukuta wa Kanisa la Ashwell

Ukiniuliza ni andiko gani la karne ya 14 lililonikaa kichwani, sitakutajia kitabu. Nitakupeleka Ashwell, kijiji cha Hertfordshire, Uingereza, kwenye Kanisa la Mtakatifu Maria. Wengi wakifika huinua shingo kuutazama mnara wake wa takriban mita 54. Mimi ningekuambia ingia ndani ya mnara huohuo, uangalie ukuta wa kaskazini.

Hapo mtu asiyeacha jina alichonga mistari michache ya Kilatini. Anautaja mwaka 1350, tauni ikiwa imeshapita, na anasema waliosalia kushuhudia ni makapi tu ya watu. Kisha unatajwa upepo mkali wa sikukuu ya Mtakatifu Mauro, Januari 1362. Ukutani imeandikwa 1361, kwa sababu mwaka wao ulianza Machi.

Jamani, hebu tulipime neno hilo kama tunavyopima shairi. Makapi. Tumezoea manusura ajione mteule, aliyebakizwa kwa kusudi. Huyu anajihesabu kwenye kile kinachopepetwa na kutupwa. Hatoi faraja wala funzo, na ndiyo maana namwamini.

Jengo lenyewe lilimsaidia. Ashwell lilijengwa kwa jiwe la chaki, laini kiasi kwamba ncha ya kisu inaliweza. Kwa mjenzi huo ni udhaifu, maana nje mvua na baridi hulila. Kwa mwandishi ni karatasi. Kuna aliyechora kanisa kubwa linaloaminika kuwa St Paul's ya London, lile lililoungua 1666. Na kuna mhakiki mwenzetu kabisa: alilalamika kwamba pembe hazikuungwa sawasawa, akaongeza kuwa anatema mate!

Kwa hiyo sikubali kulisoma kanisa hili kwa urefu wa mnara peke yake. Waliolipia na kulijenga walisema yao kwa mawe. Waliobaki wakasema yao kwa kisu, na hao wa pili ndio wanaonishika.

Sisi tulioandika kuhusu korona, mimi nikiwemo, tulikimbilia kuhitimisha: tumejifunza, tumekuwa imara. Nikiusoma ukuta ule naona aibu kidogo. Yule bwana alikuwa na nafasi ndogo kuliko yetu, na hakuipoteza kwa kujipongeza.