Pumzi Katika Safu: Ufundi wa Zikri ya Kadiria
Miongoni mwa mambo yaliyofika Usumbura, mji uitwao leo Bujumbura, pamoja na Waswahili wa Ujiji na Manyema ni mafundisho ya Kadiria, tarika au njia ya kisufi inayojinasibisha na Sheikh Abdulqadir al-Jilani, aliyefariki Baghdad mwaka 1166. Katika Afrika Mashariki tarika hiyo ilienezwa sana na Sheikh Uways bin Muhammad wa Barawa (1847–1909), aliyefika Unguja mwaka 1884 katika enzi ya Sultani Barghash, na kutoka pwani ikafuata njia ya misafara hadi Ziwa Tanganyika, ikaingia katika mitaa ya Waislamu ya Usumbura, ambayo miongoni mwake Buyenzi ndio mashuhuri zaidi.

Kiini cha tarika ni zikri, yaani kumtaja Mwenyezi Mungu kwa kurudiarudia, ili muridi, mfuasi aliyempa sheikh ahadi ya utii, aitambue nafsi yake na kuivusha kutoka ile iamrishayo maovu, kupitia ile ijilaumuyo, hadi ile iliyotulia. Kwa kuwa safari hiyo haionekani kwa macho, masufi waliiwekea kanuni za nje zinazoweza kusikika na kusahihishwa.

Kikao huanza kwa utulivu, waumini wakiwa wameketi wakisoma Fatiha, istighfari ya kuomba msamaha, na uradi, ambao ni mpangilio maalumu wa dua. Baadaye husimama bega kwa bega, na halifa, mwakilishi wa sheikh, huanzisha tahalili, tamko ambalo upande wake wa kwanza hukanusha miungu yote na wa pili humthibitisha Allah peke yake. Kadiri mwendo unavyoongezeka ndivyo maneno yanavyopungua: tamko huachia jina, jina huachia silabi, na mwishowe hubaki pumzi nzito itokayo kifuani huku viwiliwili vikiinama na kuinuka pamoja, hali iliyowafanya watu wa pwani waiite zikri ya kukohoa. Juu ya pumzi hiyo msomaji huinua kasida, utenzi wa kidini, kwa sauti ndefu isiyofuata haraka ya safu.

Ufundi wake umo katika kugawana kazi, kwa maana safu hushika mapigo, kasida hubeba maana iliyokwisha kuondoka vinywani mwa walio wengi, na halifa hutawala mwendo kwa kofi au ishara ya mkono, akimtuliza yeyote aliyezidiwa na hali, yaani msisimko wa kiroho. Hapa ndipo zikri inapotofautiana na kubandwa, ibada ya jadi ya Warundi iliyopigwa vita na wamisionari, ambamo nyimbo na manyanga vilimwandaa mtu apandwe na roho ya Kiranga. Katika kubandwa kupandwa ndiyo shabaha yenyewe, ilhali katika zikri hali ni kituo cha njiani tu.

Wanaoipinga zikri kuwa ni uzushi na wanaovutiwa na mahadhi yake pekee hukutana katika kosa moja, la kuitazama pale ilipopamba moto na kuusahau mwanzo wake uliotulia na dua inayoifunga. Kwa kipimo cha Kadiria yenyewe, halifa hodari ni yule ajuaye kuisimamisha safu kwa wakati, si yule awezaye kuiwasha tu.