Ondoa Saa, Uone Kinachobaki: Ufundi wa Gemu za Kupangilia Muda

Kila ninapofungua gemu mpya ya mafumbo au ya kupangilia muda, nina swali moja: saa ikiondolewa, mchezaji atabaki na nini? Akibaki na jambo la kuamua, basi waliotengeneza gemu hiyo walifanya kazi yao. Akibaki na kubofya tu, haraka ilikuwa inaficha utupu. Gemu hizi hudharauliwa kwa sababu mtu hujifunza kuzicheza kwa dakika chache, na wengi wanaozicheza hawajiiti wachezaji wa gemu. Mimi naziheshimu, na kwa heshima hiyo nazichambua kwa ukali uleule unaotumiwa kwa gemu kubwa.

Ya kuanza nayo ni Diner Dash. Ilitengenezwa na Gamelab, studio ya New York, na kutolewa na PlayFirst ya San Francisco karibu na mwaka 2004. Mchezaji anamwongoza Flo, mwanamke aliyechoshwa na kazi ya ofisini akaamua kuufufua mgahawa uliochakaa. Siku hizo gemu za aina hii zilipakuliwa kwenye kompyuta, zikachezwa bure kwa muda mfupi, mara nyingi saa moja, kisha aliyeipenda akalipa takribani dola 20 za Marekani, mara moja tu. Biashara hiyo iliwabana watengenezaji kwa namna iliyowafaa: ndani ya saa moja, mtu ambaye hajawahi kushika gemu alipaswa kuelewa, kufurahi, na kuona kwamba mbele kuna zaidi ya alichokwisha kukiona.

Kazi ya Flo

Tulifuate kundi moja la wateja. Linafika na kusimama kwenye foleni. Mchezaji analiburuta kwa kipanya hadi kwenye meza. Wateja wanasoma menyu, kisha wanainua mkono. Flo anachukua oda, anaipeleka jikoni, anasubiri chakula, anakileta mezani. Wanakula. Wanataka bili, Flo anawapa na kupokea malipo. Wanaondoka, vyombo vinabaki, na meza haiwezi kutumika mpaka vyombo hivyo vipelekwe mahali pake. Muda wote huo kila kundi lina mioyo inayoonyesha uvumilivu wake. Mioyo ikiisha, wateja huondoka kwa hasira na pointi hupungua.

Hatua hizo peke yake si uvumbuzi. Tangu 1983, Tapper ilimweka mhudumu wa baa mbele ya kaunta nne, akisukuma vikombe vya bia kwa wateja wanaomsogelea na kudaka vikombe vitupu vinavyorudishwa. Ni gemu nzuri, lakini inaendeshwa na wepesi wa mkono. Mteja aliyekaribia zaidi ndiye anayehudumiwa. Hakuna jingine la kufikiria. Ukiitoa haraka, unabaki na kazi ambayo mtu yeyote angeimaliza bila kukosea.

Diner Dash iliongeza mambo matatu, na nguvu yake yote imo humo.

Jambo la kwanza ni mnyororo. Ukifanya tendo la aina moja mara mfululizo kwa meza tofauti, kila tendo linalofuata linakupa pointi zaidi. Chukua oda ya meza ya kwanza, kisha ya pili, na ile ya pili ina thamani kubwa kuliko ya kwanza. Ukiingiza tendo la aina nyingine katikati, mnyororo unakatika na unaanza upya. Flo anabeba vitu viwili tu kwa wakati mmoja, kwa hiyo oda mbili zikikusanywa pamoja zinafika jikoni kwa safari moja badala ya mbili. Faida ya pointi na faida ya miguu zinakwenda pamoja.

Sasa fikiria hali hii. Meza mbili zimeinua mkono kutaka kutoa oda. Meza ya tatu inataka bili na imebakiwa na mioyo michache. Meza ya nne bado inasoma menyu. Ukiisubiri kidogo, utapata mnyororo mrefu zaidi. Ukienda kupeleka bili, umeukata mnyororo lakini umemwokoa mteja. Ukisubiri meza ya nne, umejenga mnyororo huku meza ya tatu ikikaribia kuondoka. Hakuna jibu moja la kukariri, kwa sababu wazee wana subira na hutumia muda mrefu, na wafanyabiashara wana haraka lakini huacha bakshishi nono. Hali ileile ya meza inadai uamuzi tofauti kutegemea nani amekaa hapo.

Jambo la pili ni rangi. Wateja huvaa rangi mbalimbali, na kiti huchukua rangi ya aliyekikalia. Kundi linalofuata likikaa kwenye viti vya rangi inayolingana na zao, pointi zinazidishwa. Kwa hiyo ndani ya gemu ya kupangilia muda kumefichwa fumbo la kulinganisha rangi. Je, uiache wazi meza yenye viti vyekundu ukitumaini kwamba wekundu wako nyuma kwenye foleni, au uwakalishe wa bluu waliochoka kusimama? Vilevile, watu wawili ukiwapa meza ya watu wanne, umelikaribisha tatizo la kundi kubwa litakalofika baadaye. Tena unalazimika kuchagua kati ya kungoja kwa faida na kuharakisha kwa usalama, safari hii mlangoni badala ya mezani.

Jambo la tatu halitajwi mara nyingi, nami naliona kuwa ndilo lililowavuta watu wasio na vidole vyepesi. Mchezaji anaweza kubofya kazi kadhaa mfululizo, na Flo akazitekeleza kwa mpangilio huo. Unabofya meza ya kwanza, ya pili, kisha jikoni. Wakati Flo anatembea, wewe tayari unapanga kinachofuata. Muda wa kutembea umekuwa muda wa kufikiri. Gemu ya wepesi wa mkono inakudai uwepo kwa sekunde iliyopo. Diner Dash inakudai uishi sekunde kadhaa mbele ya Flo. Anayeshindwa kufikisha alama za ustadi, zile za juu kuliko alama za kufaulu tu, mara nyingi hakuchelewa kubofya. Alipanga vibaya.

Turudi kwenye kipimo changu. Tuondoe saa: mioyo isipungue, foleni isichoke. Hapo jibu la kila swali linakuwa moja: subiri. Subiri meza zote ziinue mkono, chukua oda zote pamoja, ngoja wekundu wafike kwa viti vyekundu. Gemu inakufa. Lakini haifi kwa utupu. Inakufa kwa sababu saa ilikuwa upande wa pili wa mizani. Mnyororo na rangi vinamvuta mchezaji kungoja, mioyo inamvuta kuharakisha, na mchezo uko katikati ya mivuto hiyo miwili. Kwa hiyo kipimo kinahitaji swali la pili: kama saa haiondoleki, inapingana na nini? Gemu nyingi zilizoiga Diner Dash zilinakili meza, foleni na mioyo, zikasahau kuweka sababu ya kungoja. Pasipo sababu ya kungoja, mchezaji anakimbia tu, na levo ya mwisho inatofautiana na ya kwanza kwa kasi pekee.

Cake Mania ya Sandlot Games, iliyotoka 2006, ilipata njia nyingine. Jill anaoka keki kwa umbo, rangi na pambo ambavyo mteja ameagiza. Keki iliyokosewa inatupwa, na gharama yake imekwenda. Uamuzi mkubwa uko baada ya zamu: pesa zilizopatikana zinunue oveni bora, au viatu vitakavyomfanya Jill atembee haraka? Anayepima mahali alipokwama ananunua kinachokwamua. Anayenunua kwa kupenda anakutana na foleni ileile kesho.

Vito visivyohitaji saa

Bejeweled ya PopCap, iliyotoka 2001, iko upande mwingine wa kipimo. Gemu hii ina ubao wa vyumba 8 kwa 8 wenye vito vya aina saba. Unabadilishana nafasi ya vito viwili vinavyopakana. Vikipangana vitatu au zaidi vya aina moja, vinatoweka, vya juu vinashuka na vipya vinaingia. Wazo la kubadilishana vilivyopakana lilikwishaonekana katika Shariki, gemu ya Mrusi Eugene Alemzhin ya 1994. PopCap waliipa umbo linaloeleweka bila maelezo na sauti inayomthibitishia mchezaji kila alichopatia.

Hesabu yake ni nzuri. Kwenye ubao huo kuna jozi 112 za vito vinavyopakana, na kwa kawaida ni chache tu zinazozaa chochote. Jozi isiyozaa inarudishwa mahali pake, na pasipo saa hupotezi kitu. Kazi ni ya jicho kutafuta, kisha ya akili kuchagua kati ya zilizopatikana. Ukicheza juu ya ubao, vito vichache vinasogea na mpango wako wa chini unabaki salama. Ukicheza chini, safu nzima zinateremka na huenda zikazaa mfululizo wa vito vinavyolingana ambao hukuupanga. Katika namna isiyo na saa, mchezo unaisha pale tu ambapo hakuna jozi yoyote inayozaa, hivyo kila hatua inauliza unataka ubao uliotulia au ubao uliotikiswa.

Anayejua bao la Kiswahili ataona haraka udugu wa michezo hii miwili na tofauti yake. Kwenye bao, tendo moja linaweza kuzunguka sana kabla kete hazijalala, na mchezaji hodari huona mwisho wa mzunguko kabla hajainua mkono, kwa sababu kete zote 64 ziko wazi kwa hesabu. Katika Bejeweled, mfululizo huo unalishwa na vito vinavyotoka juu ambavyo hakuna aliyeviona. Hapo ndipo nilipo na lawama. Mfululizo mkubwa kuliko yote hushangiliwa na gemu kama ustadi, ilhali sehemu yake kubwa ni bahati. Raha yake ni ya kweli, ila mchezaji anayetaka kukua asiisikilize shangwe hiyo. Apime kile alichokiona kabla ya kubadilisha.

Fumbo la rasilimali

Kundi la tatu ndilo ninalolipenda zaidi. My Kingdom for the Princess ya Nevosoft, ya 2009, ilisaidia kueneza mtindo ambao umeigwa sana: kuna barabara iliyoziba, wafanyakazi wachache, na akiba ya chakula, mbao na dhahabu. Kila kizuizi kina gharama yake, na kila kilichofunguliwa kinafungua kingine. Royal Envoy ya Playrix, ya 2010, ilihamishia fikra kama hizo kwenye ujenzi wa nyumba na ukusanyaji wa kodi.

Hapa uamuzi wa mwanzo unabeba karibu levo nzima. Mbao za kwanza zijenge kambi itakayokupa mfanyakazi wa pili, au kiwanda cha mbao kitakacholipa polepole lakini bila kukoma? Ukichagua mfanyakazi mapema, una mikono miwili na huna cha kuipa. Ukichagua kiwanda, una mbao na mkono mmoja wa kuzibeba. Anayefika mwisho amechelewa hahitaji kubofya haraka zaidi. Anahitaji kuanza upya na kubadilisha tendo la pili au la tatu. Ukiondoa saa, fumbo la mpangilio linabaki zima. Gemu nyingi za kundi hili zina namna ya kucheza bila saa, na wapo wanaoiona kuwa ya wavivu. Si kweli. Mikono inayotetemeka, macho yaliyochoka au mtoto aliyepakatwa haviondoi uwezo wa kufikiri, na gemu inayompa mtu wa aina hiyo fumbo kamili imeonyesha kwamba fumbo lake lina uzito.

Saa iliyohamia nje

Mwaka 2012 King walitoa Candy Crush Saga. Ndani ya levo zake kuna ufundi wa haki: nyingi hupimwa kwa idadi ya hatua badala ya sekunde, na hatua zenye kikomo humlazimisha mchezaji achague. Kwa kipimo changu ingefaulu. Ila ina uhai tano, na ukiupoteza mmoja unasubiri dakika 30 urudi. Ukiupoteza wote, ni saa mbili na nusu mpaka ujae tena, au ulipe.

Tuutazame muda huo kwa makini. Saa ya Diner Dash inapingana na mnyororo. Saa ya gemu za rasilimali inapingana na uwekezaji wa polepole. Saa ya uhai haipingani na uamuzi wowote wa mchezaji. Hakuna mpangilio, jicho wala subira itakayoifupisha. Imetolewa ndani ya mchezo ikawekwa mlangoni, na kinachoifungua ni kungoja au pesa.

Sina budi kutenda haki. Kwa kijana wa Mwanza au Mombasa asiye na kadi ya benki, dola 20 za kununua gemu mtandaoni zilikuwa ukuta mkubwa kuliko uhai tano, na gemu za bure kwenye simu zimewafikia wengi ambao mfumo wa zamani haukuwajali. Lakini kufikiwa hakupaswi kuwa bei ya kukubali ufundi duni. Bei na ufundi ni mambo mawili, na gemu ya bure inaweza kuweka saa yake mahali inapofanya kazi.

Kwa hiyo, kwa anayetaka kutengeneza gemu ya aina hii, na vijana wenye ujuzi huo wapo kwetu, ushauri wangu ni mmoja. Tengeneza levo ya kwanza bila saa kabisa na uorodheshe maamuzi ambayo mchezaji anayafanya. Orodha ikiwa tupu, usiongeze saa; rudi kwenye sheria za mchezo. Ikiwa imejaa, tafuta ni tamaa ipi ya mchezaji inayohitaji kizuizi, kisha iweke saa hapo na usiiweke penginepo. Naye mchezaji ana haki ya kudai hivyo hivyo, kwa sababu muda unaotumika ndani ya gemu ni wake.