Malaba hadi Maldives: Tiketi Ikatwe Upande Gani wa Mpaka?

Kutoka Nairobi hadi Malé, mji mkuu wa Maldives, kwa mstari ulionyooka ni takriban kilomita 4,000. Lakini msafiri wa kawaida hapiti mstari huo. Anapaa kuelekea kaskazini hadi Dubai, Doha au Sharjah, anashuka, anapanda ndege nyingine, kisha anageuka kusini mashariki. Akitua Malé atakuwa amekata zaidi ya kilomita 6,000. Anayeitazama ramani kwa mara ya kwanza hudhani anazungushwa bure ili alipe zaidi. Sivyo. Ndege ya Nairobi hadi Malé ingetegemea watu wa Nairobi wanaotaka kwenda Malé, nao si wengi wa kujaza viti kila wiki. Ndege ya Ghuba hadi Malé inajazwa na abiria waliokusanywa kutoka Afrika, Ulaya na Asia. Ikijaa, kiti kinashuka bei, na ndiyo maana mzunguko mara nyingi unakuwa nafuu kuliko njia ya mkato.

Mkazi wa Malaba ana jambo jingine la kupima kabla ya hilo, nalo ndilo lililonifanya niichambue safari hii: anaishi kati ya nchi mbili, Kenya na Uganda. Mume na mke ninaowafahamu, mmoja wakala wa forodha upande wa Kenya, mwenzake mwalimu upande wa Tororo, walikuwa wameweka akiba ya safari ya kuadhimisha miaka ya ndoa yao. Walipokuja kuniomba ushauri hawakuuliza hoteli. Waliuliza, "Tukate tiketi wapi?" Nawapongeza kwa hilo, kwa sababu wengi huanza na picha za fukwe, wakaikumbuka nauli baadaye.

Tukaanza na ardhi. Kwenda uwanja wa ndege wa Entebbe unapita Tororo, Iganga na Jinja, unavuka Nile kwa daraja jipya lililofunguliwa Oktoba 2018, unapenya msitu wa Mabira, halafu unakutana na foleni ya Kampala. Ukifika hapo, barabara ya kulipia ya Entebbe inakuokolea muda. Siku nzuri ni saa tano au sita. Siku ambayo lori limelala Mabira, usihesabu. Kwenda Nairobi ni zaidi ya kilomita 400 kupitia Bungoma, Eldoret na Nakuru, yaani safari ya kutwa au ya usiku kucha kwa basi. Kuna pia milango ya pembeni: Kisumu na Eldoret. Uwanja wa Kisumu uko kwenye barabara inayotoka Busia, kwa hiyo anayetoka Malaba anaufikia kabla ya kuingia mjini, na ndege ya kutoka hapo hadi Nairobi haifiki saa nzima.

Hapa ndipo hesabu inapopotoka kwa watu wengi. Wanaweka nauli ya Entebbe kando ya nauli ya Nairobi, wanachukua iliyo ndogo, basi. Nauli inayofaa kulinganishwa ni ile ya kutoka mlangoni kwako: basi au matatu, chakula cha njiani, chumba cha usiku mmoja kama ndege inaondoka alfajiri, na mzigo wa kupakia kama tiketi inaruhusu begi la mkononi tu. Kwa wawili hawa, Nairobi ilionekana nafuu kwenye skrini. Tulipoongeza ndege ya Kisumu au basi la usiku, pamoja na chumba karibu na uwanja, Entebbe ikashinda. Mtu wa Eldoret angepata jibu tofauti kabisa.

Kuondokea Entebbe kuna sharti ambalo watu wa mpakani tunalipuuza kwa mazoea. Tangu 2014 raia wa Kenya, Uganda na Rwanda wanaweza kuvuka kwa kitambulisho cha taifa, na wengi wetu tunavuka kwenda sokoni bila hata kukionyesha. Kwa safari hii mume, ambaye ni Mkenya, alihitaji kuvuka kwa pasipoti na kugongewa muhuri. Katika kituo cha pamoja cha Malaba shughuli za kutoka na kuingia hufanyika upande wa nchi unayoingia, kwa hiyo anayekwenda Uganda anamalizia zote upande wa Uganda, madirisha yakiwa karibu karibu. Ni dakika chache. Afisa wa uhamiaji wa Entebbe atafungua kurasa kutafuta alama ya kuingia nchini, na aliyepitia njia ya panya kwa bodaboda hatakuwa na cha kumwonyesha.

Baada ya hapo ni tiketi yenyewe. Kuna kishawishi kikubwa cha kukata tiketi mbili tofauti, moja ya kufika kituo cha katikati na nyingine ya kumalizia. Wakati mwingine jumla yake inapungua kweli. Lakini mwenye tiketi mbili ni abiria wawili machoni pa mashirika ya ndege. Ya kwanza ikichelewa, ya pili haimsubiri, na hakuna anayewajibika kumpa kiti kingine. Tatizo la pili ni viza. Ukipitia Mumbai kwa tiketi mbili na mzigo wa kupakia, itabidi uingie India kuuchukua na kuukabidhi upya, na hapo unahitaji viza ya India hata kama hukukusudia kulala huko. Mtego wa Ghuba ni mbaya zaidi kwa sababu hauonekani: Sharjah na Dubai ni viwanja viwili tofauti. Ndege ya bei nafuu inakushusha Sharjah, ile uliyoikata peke yake inaondokea Dubai, na kati yao kuna barabara ya kuingia Falme za Kiarabu ambayo Mkenya au Mganda haipiti bila viza. Kwa tiketi moja inayobadilishia ndege katika uwanja uleule, unabaki ndani, viza haihitajiki, na ndege ya kwanza ikichelewa ni jukumu la waliokuuzia. Kwa mtu anayetoka Malaba, ambaye kabla hata ya kufika uwanjani ameshapita mpaka na msitu wa Mabira, naona tiketi moja ina thamani kuliko punguzo lolote la kawaida.

Mwezi wa kusafiri uliamuliwa na shule. Likizo ya muhula wa kwanza Kenya huangukia Aprili, Uganda huangukia Mei. Mke anafundisha upande wa Uganda, kwa hiyo Mei ilikuwa wazi. Na Mei ina faida. Upepo unaotawala Maldives ni uleule wa pwani yetu: kaskazi huleta ukavu, bahari tulivu na bei za juu, takriban Desemba hadi Aprili; kusi, kuanzia Mei, huleta mvua za vipindi na bei za chini. Agosti nayo iko ndani ya kusi, ila ndege za Ghuba hujaa watu wa likizo za kiangazi, hivyo unachookoa hotelini unakiacha kwenye nauli. Tazama pia Idd el-Haj, ambayo hurudi nyuma kama siku 11 kila mwaka. Wiki yake, wakazi wa Ghuba wenyewe wanasafiri na viti vinapanda bei.

Maldives inaogopwa kwa sifa yake ya utajiri, na kwa hoteli zinazomiliki kisiwa kizima sifa hiyo ni ya haki. Ndege ya majini ya kukupeleka huko na kukurudisha inaweza kugharimu dola mia kadhaa kwa mtu mmoja. Lakini tangu mwisho wa muongo wa 2000 serikali iliruhusu nyumba za wageni kwenye visiwa wanakoishi wenyeji. Maafushi, kusini mwa Malé, ndicho kinachojulikana zaidi. Feri ya umma huchukua kama saa moja na nusu kwa dola chache, na haifanyi kazi Ijumaa. Boti za kasi hufika kwa nusu saa au zaidi kidogo kwa bei ya juu mara kadhaa. Kwa hiyo saa ya kutua ina uzito. Ukitua usiku, feri zikiwa zimelala, unalipia chumba Hulhumalé, karibu na uwanja, au Malé, hata kama nauli ilikuwa ndogo. Tuliiacha ndege moja kwa sababu hiyo tu.

Kodi nazo zihesabiwe mapema. Tangu Desemba 2024 mgeni wa daraja la kawaida hulipa dola 50 za kodi ya kuondoka na nyingine 50 za maendeleo ya uwanja, zote zikiwa ndani ya tiketi. Nyumba ndogo za wageni hutoza kodi ya kijani ya dola 6 kwa mtu kwa usiku. Viza hutolewa bure unapofika, siku 30, kwa raia wa karibu nchi zote, ukiwa na tiketi ya kurudi, uthibitisho wa malazi na fomu ya msafiri iitwayo IMUGA iliyojazwa ndani ya saa 96 kabla ya safari. Na kadi ya njano ni lazima, kwa kuwa Kenya na Uganda zote zimo katika orodha ya nchi zenye hatari ya homa ya manjano.

Ambaye akiba haimfikishi huko asikate tamaa, kwani Zanzibar inafikika bila ndege: basi hadi Nairobi, treni ya Mombasa kwa shilingi 1,500 za Kenya daraja la kawaida tangu Januari 2024, basi la Dar es Salaam kupitia Lungalunga na Horohoro, kisha boti ya saa mbili hivi. Anakwepa hata ada ya dola 50 ya huduma ya abiria wa kimataifa katika viwanja vya ndege vya Kenya. Pasipoti achukue, maana mpango wa vitambulisho vya taifa hauihusu Tanzania.

Wawili wale walikata tiketi moja, Entebbe kupitia Ghuba, kutua Malé mchana. Nawe unayeishi Malaba au Busia, kabla ya kulipa ulizia bei za Entebbe na Nairobi kwa tarehe zilezile, kisha ongeza gharama za kutoka nyumbani kwako. Kama kadi ya njano huna, kachanjwe sasa. Chanjo hutambuliwa baada ya siku 10, na ukishachanjwa kadi hiyo ni ya maisha.